Chura wa Kihansi anaishi kwa manyunyu, si kwa mto

Mazungumzo ya umeme au ya matumizi ya fedha za umma yakipamba moto Tanzania, vyura wa Kihansi, wale ambao korongo lao lilipungukiwa maji baada ya kujengwa bwawa la umeme, hawakosi kutajwa. Wametajwa bungeni, vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp, na maswali huwa ni yale yale. Chura gani huyo wa kupandishwa ndege hadi Marekani? Kwani mito imeisha? Na kama ameshabebwa kurudi nyumbani, mbona bado fedha zinatumika? Ni maswali ya haki kabisa. Kinachokosekana ni maelezo ya jinsi mnyama huyu anavyoishi, na hapo ndipo pa kuanzia.

Mto Kihansi unatoka nyanda za juu za Mufindi, upande wa kusini wa Milima ya Udzungwa, unateremka kuelekea bonde la Kilombero, na mwishowe maji yake huingia Rufiji. Pale unapouacha mlima unapita kwenye korongo lenye maporomoko yaliyofuatana, na ndani ya kilomita chache hushuka zaidi ya mita 800. Maji mengi yakianguka kutoka juu namna hiyo hupasuka. Sehemu yake hugeuka vumbi la maji, jepesi kama moshi, linalosukumwa na upepo wa maporomoko yenyewe na kutua kwenye miteremko ya jirani usiku na mchana, masika na kiangazi. Hayo ndiyo manyunyu. Yanapotua pameota zulia la nyasi na mimea laini mifupi inayofanana na kangaga wadogo, na udongo wake haukauki hata mwezi wa kumi. Wataalamu wanapaita ardhioevu ya manyunyu. Si bwawa wala kinamasi. Ni mteremko uliolowa moja kwa moja kutoka hewani.

Humo ndimo alimopatikana, mwaka 1996, chura mdogo wa rangi ya haradali mwenye mistari ya kahawia ubavuni. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1999: Nectophrynoides asperginis. Hajawahi kuonekana porini mahali pengine popote duniani, na eneo lake lote lilikuwa takriban hekta 2, yaani kama viwanja vitatu vya mpira. Tembo akifukuzwa bonde hili huhamia bonde lile. Huyu hana bonde lile.

Ukubwa wake ndio unaowashangaza wengi. Jike mzima hafikii sentimita 3, na dume hafikii 2, kwa hiyo dume hutosha juu ya ukucha wa kidole gumba. Ngozi ya tumbo la jike ni nyembamba kiasi kwamba akiwa na mimba unawaona watoto ndani, vitu vyeusi vyeusi vimejipanga. Ndiyo, mimba. Wengi tumezoea kwamba chura hutaga mayai majini, mayai yanatoa viluwiluwi, viluwiluwi vinaota miguu. Chura wa Kihansi hatagi. Huzaa vyura walio kamili, kwa kawaida kati ya 5 na 13 kwa uzazi mmoja, kila mmoja akiwa na urefu wa milimita 5 hivi, mfupi kuliko punje ya mchele. Kwenye mteremko wa manyunyu hakuna kidimbwi kilichotulia cha kulelea viluwiluwi. Tumbo la mama ndilo kidimbwi.

Uzazi huo una gharama yake. Chura wa kawaida wa mtaani hutaga mayai kwa maelfu, na hata wakiliwa karibu wote, wachache wanabaki. Anayezaa kumi hana akiba hiyo. Akipata pigo moja kubwa, kujaza pengo huchukua muda.

Sasa tuje kwenye ngozi, maana hapa ndipo penye kiini cha mambo yote. Vyura ni amfibia, kundi la wanyama ambao ngozi yao haina magamba kama ya mjusi wala manyoya kama ya ndege. Kwa ngozi hiyo chura hunywa maji, hupitisha sehemu ya hewa anayovuta, na husawazisha chumvi za mwilini. Haizuii maji kutoka pia. Na kadiri mwili unavyokuwa mdogo ndivyo unavyokauka haraka: anika leso na blanketi kwenye kamba moja, uone kipi kitakauka kwanza. Mtoto wa milimita 5 ni chini ya leso. Akikaa nje ya unyevu kwa muda mfupi tu, amekwisha.

Ndiyo maana jibu la "mto si upo, waacheni humo" halisaidii. Chura huyu si mnyama wa kuogelea kwenye mkondo. Maji ya mto yangemzoa. Anachohitaji ni hewa iliyojaa maji, majani yaliyolowa, na wadudu wadogo wanaoishi kwenye majani hayo. Mto unaweza kuwa umejaa hadi ukingoni, na bado asipate kitu kama maji hayaanguki na kupasuka.

Basi bwawa lilifanya nini? Wapo wanaoamini kwamba mto uliuawa, na wapo wanaoamini kwamba umeme ulizimwa kwa ajili ya vyura. Yote mawili si kweli. Juu ya korongo pamejengwa bwawa la zege. Maji yanaingia kwenye handaki, yanashuka takriban mita 850 ndani ya mwamba hadi kituo kilicho chini ya ardhi, yanazungusha mitambo mitatu ya megawati 60 kila mmoja, jumla megawati 180, kisha yanarudishwa mtoni chini ya korongo. Mkulima wa Kilombero anapata maji yale yale. Kilichorukwa ni korongo. Basi likianza kupita barabara ya mchepuko, abiria wanafika salama, lakini mama lishe wa stendi ya zamani anafunga biashara.

Mitambo ilianza kufanya kazi mwishoni mwa 1999 na kuingia 2000, na karibu asilimia 90 ya maji yakachepushwa. Manyunyu yakakatika. Utafiti uliomgundua chura huyu ulifanyika ujenzi ukiwa umeshaanza, na huo ndio mpangilio mbaya uliozaa matatizo karibu yote yaliyofuata. Mradi ungekuwa bado kwenye karatasi, mchoro ungebadilishwa kwa gharama ndogo. Zege likishamwagwa, kinachobaki ni kujadiliana na zege.

Na majadiliano hayo yana hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuifuata. Mita moja ya ujazo ya maji ni lita elfu moja. Ikipita kila sekunde na kuanguka mita 850, mitambo mizuri huipatia kati ya megawati 7 na 8. Kwa hiyo kila mita ya ujazo unayoiacha ipite korongoni kwa ajili ya viumbe ni megawati 7 au 8 ambazo hazitaingia kwenye gridi. Maji yaliyoachwa kwa ajili ya korongo ni kati ya mita za ujazo 1.5 na 2 kwa sekunde, wakati mtiririko wa asili kwa wastani ulikuwa takriban 16. Kwa lugha ya umeme, hizo ni megawati 11 hadi 15 zinazotolewa sadaka. Si kidogo. Lakini ni mbali sana na hadithi ya nchi kukaa gizani kwa ajili ya chura.

Maji hayo machache yasingetosha kutengeneza manyunyu ya zamani. Ndipo ukafungwa mfumo wa mabomba. Kanuni yake ni rahisi: maji yanachukuliwa juu, yanachujwa, yanashushwa kwa mteremko wa mlima wenyewe bila pampu, na mwisho wa kila bomba kuna kinyunyizio chenye tundu dogo kinachoyageuza kuwa ukungu juu ya zulia la mimea. Ugumu uko kwenye kuuendesha. Tundu likiwa kubwa, unapata matone ya bustanini na si ukungu. Likiwa dogo, chembe za mchanga na majani yaliyooza huliziba. Chujio likijaa, msukumo hushuka na vinyunyizio vya mwisho wa bomba ndivyo vya kwanza kunyamaza, kipande hicho cha zulia kikaanza kukauka wakati kipande cha juu kimelowa vizuri. Zaidi ya hapo, bomba linaleta maji lakini haliwezi kuleta ule upepo wa maporomoko. Magugu ya pembeni na siafu, waliokuwa wakizuiwa na unyevu mkali, hupata njia ya kuingia.

Pamoja na kasoro hizo, mabomba yalifanya kazi. Mwezi Juni 2003 makadirio yalionyesha vyura 20,989. Watu wakaanza kupumua. Miezi michache baadaye idadi iliporomoka, na Januari 2004 walionekana vyura watatu tu, wengine wawili wakasikika wakilia.

Elfu ishirini hadi watano! Hapa uvumi umekuwa mwingi, kwa hiyo tuyatenganishe mambo. Kipindi hicho hicho yaligongana mambo matatu. La kwanza, mfumo wa kunyunyizia ulipata hitilafu, na mteremko ukakauka kwa muda. La pili, bwawa lilifunguliwa ili kusafisha tope lililojikusanya chini. Tope hilo lilishuka korongoni likiwa na mabaki ya viuatilifu kutoka mashamba ya juu, ikiwemo endosulfani, sumu ya wadudu ambayo tangu 2011 imo kwenye orodha ya kuondolewa duniani chini ya Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa wa kemikali zenye sumu ya kudumu. La tatu, vyura waliokufa walikutwa na kuvu ya kitridi.

Kuvu hii inastahili maelezo zaidi, kwa sababu imeua vyura katika mabara mengi kuliko ugonjwa mwingine wowote unaojulikana wa wanyama hao. Mbegu zake ni ndogo mno na zina mkia, zinaogelea majini hadi zikutane na ngozi ya chura. Zikishaingia zinakua ndani ya tabaka la juu na kuifanya ngozi kuwa nene na ngumu. Kumbuka ngozi hiyo ndiyo mdomo wake wa kunywea na ndiyo mizani yake ya chumvi. Mizani ikivurugika, madini ya damu yanashuka, na moyo husimama. Kuvu hupenda ubaridi na unyevu, kati ya nyuzi 17 na 25 za Selsiasi, hali ambayo korongo la milimani linayo tele. Joto kali na ukavu huiua. Kwa bahati mbaya, ukavu huo huo humuua chura pia, kwa hiyo huwezi kumtibu porini kwa kumwanika.

Usemi kwamba "walikufa kwa kukosa maji" una ukweli nusu. Ukosefu wa manyunyu uliwabana sehemu ndogo na kuwadhoofisha. Kuvu ikawakuta wamesongamana. Chura mwenye afya njema kwenye eneo pana pengine angeuvuka msimu ule. Aliyebanwa, mwenye kiu na mwenye sumu mwilini hana la kufanya.

Bahati ni kwamba mwishoni mwa 2000, kabla ya balaa hili, vyura 499 walikuwa wamekusanywa na kupelekwa Marekani, kwanza Bronx Zoo ya New York, kisha wakagawanywa kwenye bustani nyingine za wanyama. Hawakuuzwa wala hawakuibwa. Walikwenda kwa makubaliano na serikali ya Tanzania kwa sababu wakati ule nchini hapakuwa na maabara yenye vifaa vya kuwazalisha. Huko nako mambo hayakuwa mteremko. Bustani sita zilijaribu na nyingi zilishindwa, hadi ikafika wakati waliobaki ni wachache mno, Bronx na Toledo ya Ohio zikibeba mzigo wote.

Kilichowashinda ni vitu ambavyo korongo huvitoa bure. Mwanga: chura anahitaji kipimo fulani cha miale ya jua ili mwili utengeneze vitamini D na kuimarisha mifupa, na taa za kawaida hazina miale hiyo. Chakula: mtoto wa milimita 5 hawezi kula nyenje, hata aliye mchanga, ni lazima uzalishe wadudu wadogo zaidi, wa kuruka kwenye majani makavu na nzi wa matunda, na uwapake unga wa madini na vitamini kabla ya kuwatoa, maana mdudu wa kufugwa ana virutubisho haba. Vitamini A ikipungua, matatizo hujitokeza hadi kwenye ulimi, na chura anaona chakula lakini hawezi kukinasa. Kisha minyoo ya mapafu, ambayo porini huwa michache lakini ndani ya kizimba huongezeka, kwa sababu chura anakaa juu ya kinyesi chake. Baada ya taa kubadilishwa, chakula kupanuliwa na maji kuchujwa vizuri, idadi ikapanda hadi maelfu.

Wakati huo huo huku nyumbani hapakuonekana tena hata mmoja, na mwaka 2009 shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, IUCN, likamweka kwenye daraja la waliotoweka porini. Maneno haya huchanganywa sana. Kutoweka kabisa ni pale asipobaki hata mmoja duniani, kama ndege dodo wa Mauritius. Kutoweka porini ni pale wanapobaki mikononi mwa watu tu. Wa kwanza hana njia ya kurudi. Wa pili ana njia nyembamba.

Agosti 2010 vyura 100 walitua Dar es Salaam na kupelekwa kwenye kituo maalumu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kituo kingine kikawekwa Kihansi kwenyewe. Oktoba 2012 vyura 2,500 wakarudishwa korongoni, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa amfibia aliyetangazwa kutoweka porini kurudishwa kwao. Ni jambo la kujivunia na halitajwi inavyostahili. Makundi mengine yamefuata.

Lakini kurudishwa si kupona. Ukimwaga samaki kwenye bwawa leo na kesho ukawavua, huwezi kusema bwawa lina samaki. Kinachotafutwa ni kizazi kilichozaliwa humo, na chenyewe kikazaa, bila mtu kuongeza wengine kutoka kwenye vizimba. Ndiyo sababu wataalamu hawaangalii idadi tu. Wanatafuta watoto wa milimita chache kwenye majani, na majike wenye mimba.

Kuna pia wanaosema wapelekwe maporomoko mengine, Tanzania si ina mengi. Shida ni kwamba maporomoko mengi yananyunyiza masika tu, na kiangazi hubaki mwamba mkavu. Na hata palipo na manyunyu ya mwaka mzima, pana wenyeji wake. Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita hadi Udzungwa, ina vyura na vinyonga wanaopatikana kwenye mlima mmoja tu, kila mmoja na wake. Kupeleka chura mgeni ni kupeleka pia kuvu na minyoo aliyobeba, na kuhatarisha spishi tano ili kuokoa moja.

Hofu hiyo hiyo ndiyo inayoeleza jambo linalowakera wageni wa Kihansi: kuoshwa viatu mlangoni. Si urasimu. Kijiko cha tope kwenye soli kinaweza kubeba kuvu kutoka kijito kimoja hadi kingine. Utaratibu mzuri huanza na brashi, tope lote litoke, kwa sababu dawa hupotezea nguvu kwenye uchafu kabla haijafika kwenye kuvu. Kosa la kawaida kabisa ni kuchovya kiatu chenye tope kwenye ndoo ya dawa ukaridhika. Baada ya hapo ndipo dawa, kwa mfano pombe ya asilimia 70 kwa dakika nzima. Pasipo na dawa, maji ya moto ya nyuzi 60 kwa dakika 5 yanatosha, au kukausha juani kwa saa kadhaa hadi mishono yote ya kiatu ikauke kabisa, si juujuu. Ukimshika chura mmoja, badilisha glovu kabla ya kumshika mwingine. Mwongoza watalii wa Amani au Uluguru anaweza kufanya haya kesho asubuhi.

Juu ya bwawa kazi ni nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Shamba la mahindi likifika majini, mvua ya kwanza hushusha udongo na sumu pamoja. Ukanda wa miti na nyasi wa mita hizo 60 hukamata sehemu kubwa ya vyote viwili. Anayepulizia dawa saa chache kabla ya mvua anapoteza dawa yake na kuipeleka korongoni. Asipulizie wingu likiwa limefunga, na pampu isioshewe mtoni. Hili linamwokolea mkulima fedha zake kabla halijamwokoa chura.

Na fedha zinazoulizwa, zinakwenda wapi sasa? Zinanunua vichujio na vinyunyizio vya kubadilisha vilivyoziba, na zinamlipa anayepanda mteremko kuvikagua. Zinazalisha nyenje na nzi wa matunda katika vituo vya Dar es Salaam na Kihansi, kila siku, sikukuu zikiwemo. Zinapima maji ya mto na tope la bwawa kabla halijafunguliwa. Na zinanunua vijiti vya pamba vinavyopitishwa taratibu kwenye tumbo, mapaja na vidole vya chura hai, kimoja kwa kila chura, kisha kufungwa, kuandikwa tarehe na kupelekwa maabara kuona kama kitridi imerudi.